Kahawa ya mzee mwenye dimensia: ipangie saa, usimnyang'anye kikombe

Watu wanaolea wazazi wenye dimensia, yaani ugonjwa wa kusahau, hapa Mombasa huuliza kuhusu kahawa kwa namna mbili. Mmoja amesoma kwenye simu kwamba kahawa hulinda ubongo, basi anataka kumwongezea babake vikombe. Mwingine amechoka na mama asiyelala, anayezunguka nyumba saa nane usiku akitafuta mlango, naye anataka kahawa isiingie tena mle ndani. Wote wawili nawaelewa. Lakini kahawa haitamrudishia mzee kumbukumbu zilizopotea, na kumkatia ghafla humtesa kwa njia ambayo huenda asiweze hata kuieleza. Kilicho mikononi mwenu ni saa anayokunywa, ukali wa kahawa, joto la kikombe na watu anaokunywa nao. Nitakaa zaidi kwenye saa na watu, kwa sababu huko ndiko familia nyingi za hapa hukwama.

Kabla ya kuanza: utafiti umesema nini

Utafiti unaotajwa sana ulifanywa Ufini, matokeo yakachapishwa 2009. Watu 1,409 waliulizwa kuhusu kahawa wakiwa na umri wa makamo, kisha wakaangaliwa tena baada ya miaka 21 kwa wastani. Waliokuwa wakinywa vikombe 3 hadi 5 kwa siku walipata dimensia kwa uchache zaidi, kwa tofauti ya asilimia 65 hivi, wakilinganishwa na waliokunywa kidogo au wasiokunywa kabisa. Habari njema hiyo. Ila tazama waliopimwa ni nani: ni watu wa makamo ambao walikuwa bado hawajaugua. Tena ni utafiti wa kuangalia mazoea ya watu, na mtu anayekunywa kahawa hutofautiana na asiyekunywa kwa mambo mengi mengine. Hauwezi kukuambia umpe nini mzee wa miaka 80 ambaye tayari anasahau majina ya wanawe.

Upande wa pili, uchambuzi wa takwimu za Uingereza uliochapishwa 2021 ulikuta kwamba wanaokunywa zaidi ya vikombe 6 kwa siku walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata dimensia, kwa asilimia 53, kuliko wanaokunywa kimoja au viwili. Basi yule anayetaka kumwongezea babake vikombe, hapo na asite.

Na kuna jambo ambalo mimi huliona kubwa kuliko hayo yote. Mwaka 2024 tume ya wataalamu ya jarida la kitabibu la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ili kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya dimensia duniani. Kahawa haimo, si kwa wema wala kwa ubaya. Miongoni mwa yaliyomo ni presha, kisukari, lehemu mbaya (kolesteroli) kwenye damu, sigara, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, kutofanya mazoezi, huzuni ya muda mrefu, na upweke. Upweke! Mzee anayetolewa barazani, pale wazee wanapokaa pamoja kunywa kahawa, kwa sababu "kahawa itamharibia usingizi" ameondolewa kafeini, ile inayoamsha, na papo hapo ameondolewa wenzake. Ndiyo maana mwongozo huu haukuambii uivunje baraza.

Hatua ya 1: Andika kabla ya kubadilisha chochote

Chukua daftari la shule. Kwa wiki mbili andika saa ya kila kikombe, saa aliyolala, mara ngapi aliamka usiku, alienda chooni mara ngapi, na hali yake magharibi ilikuwaje. Usibadilishe kitu katika wiki hizo. Ukianza kubadilisha bila kuandika, baada ya mwezi hamtajua ni kahawa, ni dawa, ni joto la Februari, au ni mbu.

Ziandike kafeini zote, maana kahawa siyo peke yake. Chai ya rangi inayo, chai ya maziwa inayo, soda ya kola inayo. Panadol Extra ina miligramu 65 za kafeini katika kila kidonge, na wazee wengi humeza viwili jioni kwa ajili ya magoti. Kama mzee bado anatafuna miraa, andika pia: yenyewe haina kafeini, lakini inaamsha kuliko kahawa, na huwezi kukilaumu kikombe kwa usingizi mbaya wakati shavu limejaa.

Tatizo ambalo daftari litalifichua upesi ni hili: mzee husahau kwamba amekunywa. Binti anampa asubuhi, mkaza mwana anampa saa nne, mjukuu akirudi shule anaambiwa "sijanywa kahawa tangu jana" naye kwa huruma anampa. Hakuna aliyekosea, na mzee hasemi uongo. Wekeni kisahani jikoni na komwe za bao kando yake. Kila kikombe, komwe moja kwenye kisahani. Anayekuja anaangalia kisahani, hamhoji mzee.

Hatua ya 2: Ujue kikombe chako kina nini

Vikombe vinavyotajwa kwenye tafiti ni vikubwa kuliko vyetu. Kikombe cha mililita 240 cha kahawa ya kuchuja huwa na miligramu 95 hivi za kafeini, na cha chai ya majani kiasi cha nusu yake. Kikombe chetu cha kahawa chungu ni kidogo mno kulinganisha. Kipime chako kwa bomba la sindano la kupimia dawa ya mtoto. Vingi huchukua mililita 60 hivi vikijaa.

Ukipika mwenyewe, hesabu ni nyepesi. Kijiko cha mezani kisichorundikwa hubeba gramu 5 hivi za unga wa kahawa. Buni ya arabika ina kafeini ya asilimia 1.2 hadi 1.5, robusta inakaribia maradufu. Basi vijiko viwili vya arabika katika nusu lita ya maji hutoa kama miligramu 120 hadi 150 kwa dele zima, lile birika la kahawa, na ukigawa vikombe 8, kila kimoja ni miligramu 15 hadi 20. Kwa robusta, kila kimoja kitakaribia 30. Muulize anayekuuzia unga buni yake imetoka wapi. Mashamba ya Kenya hulima arabika kwa wingi, Uganda hulima robusta kwa wingi, na unga uliochanganywa hauonekani kwa macho.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema 2015 kwamba miligramu 400 kwa siku haziwaletei madhara watu wazima wenye afya. Mzee mwenye dimensia, presha na dawa tano si mtu huyo. Kwa maoni yangu nusu ya hapo inamtosha, na mwenye moyo unaodunda ovyo apunguziwe zaidi, kwa neno la daktari wake.

Neno moja la pembeni kwa wavuta sigara. Moshi wa sigara huufanya mwili uiondoe kafeini upesi. Mzee aliyelazwa hospitali akaacha sigara hapo, akirudi nyumbani vikombe vyake vilevile humkaa mwilini muda mrefu zaidi. Familia hushangaa: "Amekunywa hivi miaka yote." Kweli, lakini mwili unaoipokea umebadilika.

Hatua ya 3: Panga saa

Hapa ndipo penye kazi.

Ukiwa macho, ubongo hukusanya kitu kiitwacho adenosini, na kadiri kinavyozidi ndivyo usingizi unavyokuja. Kafeini huenda kukaa mahali pa adenosini, ubongo usipate habari ya uchovu. Mwili wa mtu mzima huchukua saa 5 hivi kuondoa nusu ya kafeini. Kwa wengine ni saa 2, kwa wengine ni saa 9. Mzee akinywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu bado imo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2013 uliwapa watu miligramu 400, dozi kubwa, saa 6 kabla ya kulala, na hata hapo walipoteza zaidi ya saa nzima ya usingizi. Na huko Uholanzi, utafiti mdogo wa 2014 wa wazee 29 wenye dimensia katika makao ya wazee uliona kwamba kafeini ya baada ya saa kumi na mbili jioni iliambatana na kuamka zaidi usiku.

Sasa tazama siku ya Mombasa ilivyo. Muuza kahawa hutoka na dele lake baada ya alasiri. Baraza hujaa kati ya alasiri na magharibi, na nyingine hujaa tena baada ya isha. Saa tamu ya baraza ndiyo saa mbaya ya kafeini. Na kwa wenye dimensia saa hiyo ina shida ya pili: jua likianza kushuka, wengi wao huanza kuhangaika, wanataka "kwenda nyumbani" wakiwa nyumbani, wanamwona mtu asiyekuwepo. Ukiongeza kafeini hapo, na usiku usio na usingizi mbele, kesho yake kuchanganyikiwa kunazidi. Usingizi si jambo dogo kwa ubongo huu. Watafiti wa Marekani waliwapima watu 20 wenye afya baada ya usiku mmoja bila kulala, wakaona beta-amiloidi, ile protini inayorundikana katika ugonjwa wa Alzheimer, aina ya dimensia inayoonekana zaidi, imeongezeka. Hiyo ilichapishwa 2018.

Kanuni ninayoipendekeza ni hii: kahawa yenye kafeini iishe kwa adhana ya adhuhuri. Haihitaji saa ya mkononi wala kubishana, kila mtu nyumbani anaisikia. Mpe kikombe kimoja au viwili vizuri asubuhi, pamoja na mahamri na mbaazi au chochote anachokula, kisiwe tumbo tupu. Wengi wenye dimensia hupungua uzito, na kahawa kabla ya chakula huweza kukata hamu. Kama nyumba ina kibaraza au roshani, anywe huko kwenye mwanga wa asubuhi. Mwanga huo huusaidia mwili ujue mchana ni upi na usiku ni upi.

Alasiri aende barazani. Kikombe kiwepo. Kilichomo ndani ndicho kinabadilika.

Hatua ya 4: Pika kahawa ya alasiri

Maji nusu lita. Tangawizi mbichi ukubwa wa kidole gumba, iponde. Iliki punje 4 zilizovunjwa, kijiti cha mdalasini, pilipili manga punje 2 au 3. Chemsha dakika 10 moto mdogo, tia vijiko viwili vya kahawa iliyoondolewa kafeini, acha itokote mara moja, iteremshe, itulie, kisha uchuje. Kwenye supamaketi za mjini pakiti hiyo huwa imeandikwa Decaf. Hubakiwa na kafeini kidogo sana, miligramu chache kwa kikombe kikubwa, na kwa vikombe vyetu haihesabiki.

Usiogope kuzidisha viungo. Pua ya mwenye Alzheimer hudhoofika mapema, na kahawa nyepesi isiyonukia ataikataa kwa sababu haimwambii kitu.

Ukikosa hiyo ya pakiti, kuna kokwa za tende. Zioshe, zikaushe juani siku kadhaa, zikaange kavu mpaka ziwe nyeusi za kahawia, kisha zipeleke kwenye mashine ya kusaga viungo, maana kinu cha nyumbani hakiziwezi. Unga wake hauna kafeini kabisa, na ukiungwa kwa tangawizi una uchungu wa kumridhisha mnywa kahawa. Anza kukusanya kokwa Ramadhani, hutamaliza.

Jambo la kuchuja lina sababu nyingine. Kahawa ya kuchemshwa bila kuchujwa, ambayo ndiyo ya dele, hubaki na mafuta yanayopandisha lehemu mbaya kwenye damu. Karatasi ya kuchujia huyazuia karibu yote, kitambaa huyapunguza. Kwa mzee mwenye lehemu nyingi, hata ile ya asubuhi ipite kwenye karatasi.

Hatua ya 5: Zungumza na muuza kahawa na wazee wenzake

Familia nyingi huiruka hatua hii kwa haya. Wanasema, watu watajua. Watu wanajua tayari. Wasichojua ni namna ya kusaidia, na wengine wanadhani ni majini au kurogwa.

Mfuate muuza kahawa siku mzee hayupo. Mwambie wazi: "Kaka, mzee ana ugonjwa wa kusahau, na kahawa ya jioni inamnyima usingizi. Nitakuachia chupa ndogo ya chai yenye kahawa yake. Akikaa, mmiminie kutoka hiyo, kwenye kikombe chako." Mlipe kila kikombe bei yake ya kawaida, kwa kuwa kazi ni ileile. Kama maji ya ndoo ya kusuuzia vikombe yanakutia shaka, mwachie na kikombe cha mzee. Mzee akiuliza mbona hii ni laini, ajibiwe kweli: ni kahawa ya tangawizi, nyepesi, ya jioni. Sioni haja ya kumdanganya mtu mzima kuhusu kilicho mdomoni mwake, na wengi wakijibiwa kwa heshima wanakunywa tu.

Nimekaa na mzee mmoja Kibokoni, huko Mji wa Kale, aliyekuwa fundi wa majahazi. Mzee humwita mwanawe anayemleta barazani kwa jina la mdogo wake yeye mzee, aliyekwisha kufa. Muuza kahawa akitokea kwenye kona akigonganisha vikombe, mkono wa mzee unatoka kwenye mkono wa kanzu, gumba na vidole viwili vimeshajipanga kwa ajili ya kile kikombe kisicho na kishikio, kukidaka kwenye ukingo wa juu pasipounguza. Anakizungusha kidogo, anakipuliza, anasema "Bismillahi," anavuta kwa sauti. Kwa zile dakika hana ugonjwa anaoweza kuuona mtu. Madaktari wanaeleza kwamba kumbukumbu za mikono, zile za kutenda, hudumu muda mrefu kuliko za majina na tarehe. Kikombe kile kilikuwa na tangawizi na kahawa isiyo na kafeini.

Wazee wenzake waambie mambo mawili tu. Akirudia hadithi, wasimsahihishe. Akiinuka kuondoka peke yake, mmoja amfuate. Mkalishe mgongo ukiwa ukutani ili asishtuliwe na bodaboda zinazopita nyuma, na rafiki akae upande wa sikio linalosikia. Miwani iwe safi. Kwenye mfuko wa kanzu tia karatasi yenye jina lake na namba za simu mbili za watu wa nyumbani. Vichochoro vya Mji wa Kale vinafanana hata kwa mtu mwenye akili timamu, sembuse kwake. Arudishwe kabla giza halijaingia. Akitaka kuswali magharibi msikitini, awe na mtu.

Na mama zetu? Miongozo mingi ya kahawa hapa huwasahau kwa sababu hawakai baraza ya njiani. Kahawa yao ni ya ndani, ukumbini au uani alasiri, jirani akipita. Mama akianza kusahau, majirani huacha kupita kwa kutojua waseme nini, naye hubaki na runinga. Waalike kwa siku maalumu, mathalani Jumatatu na Alhamisi, watu wawili au watatu, wasizidi. Mpe mama kazi katika kahawa hiyo: kutwanga iliki kwenye kinu kidogo, kupanga vikombe kwenye sinia, kutoa tende kokwa. Kisu na jiko la makaa viwe mbali. Hasa jiko: aliyepika kahawa miaka 50 ataamka alfajiri aiteleke mwenyewe, na makaa yakiachwa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa, hewa yake huua watu wakiwa usingizini.

Hatua ya 6: Punguza polepole

Aliyezoea kahawa kila siku akikatiwa mara moja, kichwa huanza kuuma ndani ya saa 12 hadi 24, huzidi siku ya pili, na hali huweza kuendelea siku 2 hadi 9. Mwenye dimensia hasemi "kichwa kinaniuma kwa kukosa kahawa." Yeye hufoka, hukataa kuogeshwa, hulala mchana kutwa, na nyumbani mnasema ugonjwa umepanda. Punguza kikombe kimoja kila siku tatu au nne, au changanya: robo ya unga usio na kafeini, kisha nusu, kisha robo tatu. Anza na kikombe cha usiku zaidi, uje ukirudi nyuma kuelekea adhuhuri.

Ramadhani inahitaji hesabu yake. Usiku wa Ramadhani mji huu haulali, na kahawa hunywewa kuanzia baada ya futari mpaka karibu na daku. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na kwa mwenye dimensia anayemeza dawa kwa saa maalumu, zungumzeni na daktari na imamu wenu mapema, kabla ya mwezi kuandama. Kama hafungi, saa zake za kahawa zisibadilike hata kama za nyumba zimebadilika. Kama bado yuko mwanzoni mwa ugonjwa na anafunga kwa idhini ya daktari, anza kumpunguzia wiki mbili kabla, ili siku za mwanzo zisije na kichwa. Baada ya tarawehe apewe ya tangawizi.

Hatua ya 7: Kahawa na dawa

Beba dawa zote, hata za kienyeji, mwulize mfamasia. Yapo ambayo kila mlezi anafaa kuyajua kabla ya kufika huko.

Dawa ya tezi, levothyroxine, imezwe kwa maji matupu, kahawa ingoje nusu saa hadi saa nzima. Dawa ya mifupa, alendronate, vivyo hivyo: maji tu, na angalau nusu saa kabla ya kitu kingine. Vidonge vya madini ya chuma vitenganishwe na kahawa na chai kwa saa moja au mbili, la sivyo chuma hakiingii mwilini vizuri. Ciprofloxacin, inayotolewa sana kwa maambukizi ya mkojo, huzuia mwili kuondoa kafeini. Siku za dozi hiyo punguza kahawa. Anayetumia lithium au clozapine asibadilishiwe kahawa, kuongezewa wala kupunguziwa, bila daktari kujua, kwa kuwa kiwango cha dawa kwenye damu hubadilika pamoja nayo.

Donepezil, ambayo wengi wenye Alzheimer huandikiwa, huweza kuleta ndoto kali ikimezwa usiku, na huweza kupunguza kasi ya moyo. Kama daftari lako linaonyesha anaamka akipiga kelele hata siku ambazo hakunywa kahawa, muulize daktari kuhusu kuihamishia asubuhi.

Hatua ya 8: Joto, utamu na kumeza

Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilisema 2016 kwamba vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, huenda vinasababisha saratani ya umio. Na kabla ya saratani kuna kuungua: mzee ambaye hisia zake zimepungua huweka mdomoni bila kupima. Kikombe kitulie dakika kadhaa, tone moja likiwekwa kwenye kifundo cha mkono wako lisikuchome, ndipo umpe.

Kahawa chungu ina heri yake, haina sukari. Sukari imo kwenye halwa na kashata. Mwenye kisukari apewe tende moja laini. Kashata ya njugu ni hatari kwa mzee ambaye kutafuna kumekuwa shida. Punje hukwama kooni.

Angalia anavyokunywa. Akikohoa kila anapopiga funda, sauti ikiwa kama ina majimaji baada ya kumeza, au akishikwa na vichomi vya kifua mara kwa mara, kinywaji kinaingia njia ya hewa. Simamisha vinywaji vyepesi vyote, si kahawa pekee, umpeleke akapimwe namna anavyomeza. Wakati wowote anapokunywa akae wima, kidevu kisielekee juu, na asilazwe kwa nusu saa baadaye. Kwa wale walio mwisho wa ugonjwa, kijiko kidogo cha kahawa ya vuguvugu iliyofanywa nzito kama uji, kwa maelekezo ya hospitali, bado kina harufu yake.

Maji nayo. Kahawa huhesabiwa kama maji ya mwili, lakini haitoshi kwa joto letu, na mwenye dimensia hasikii kiu vizuri. Glasi ya maji kwa kila kikombe, nyingi ziwe kabla ya magharibi ili asiamke mara nne kwenda chooni. Kuanguka gizani njiani kwenda chooni kumewavunja nyonga wazee wengi. Acha taa ndogo ikiwaka.

Hatua ya 9: Lini uache kuilaumu kahawa

Akibadilika kwa saa chache au siku mbili, jana alikuwa anakujua na leo hakujui kabisa, analala kupita kiasi au anaona vitu, hiyo si kahawa wala si dimensia inayoendelea taratibu. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo, malaria, nimonia, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka au dawa mpya. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo moyo ukimwenda mbio, akizimia, au akianguka na kugonga kichwa.

Na kama mzee hajawahi kupimwa, ila watu wamesema tu "ni uzee", apimwe. Upungufu wa vitamini B12, tezi isiyofanya kazi vizuri na huzuni kali huweza kufanana na dimensia, na hivyo vinatibika. Metformin ya kisukari ikitumiwa miaka mingi hupunguza B12, kwa hiyo mtajie daktari hilo. Pale hospitali ya Coast General au kituo chochote utakachoanzia, fika na vitu vitatu: lile daftari la wiki mbili, mfuko wa dawa zote alizonazo, na mtu anayelala naye chumba kimoja, kwa sababu ndiye anayejua usiku wake unavyokwenda.